Swali la Kontua

Kanda ilikuwa ya Mmarekani mmoja aliyekuja kujitolea Moshi. Muda wake ulipoisha aliwagawia majirani vitu alivyoshindwa kubeba, na nyumbani kwa kina rafiki yangu, pale Majengo, wakapata sufuria, chandarua na kanda tatu za video. Mbili zilikuwa katuni. Ya tatu haikuwa na kasha wala picha ya mbele, ilikuwa na kikaratasi cheupe tu kilichoandikwa kwa kalamu: Killing Mr. Griffin. Ilikuwa likizo ya Desemba 1999. Nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa kidato cha pili, nina miaka 15, na ile sebule ilikuwa na televisheni moja na watoto wa mtaa mzima.

Tuliiona nyeusi na nyeupe. Kwa miaka mingi niliamini muvi hiyo ilipigwa hivyo, mpaka fundi mmoja wa redio pale Mbuyuni aliponieleza kwamba kanda za Marekani zilirekodiwa kwa mfumo wa NTSC, na vyombo vyetu vilikuwa vya PAL. Deki inajitahidi, picha inapita, rangi inabaki njiani. Kwa hiyo kumbukumbu yangu ya hadithi hii haina damu nyekundu hata tone moja, na naona ni bahati, kwa sababu si hadithi ya damu.

Kingine tulichokiona ni kiza. Kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, pale pale mtu anapofungua mlango au simu inapolia, kioo kinakuwa cheusi kwa sekunde mbili, kisha tunajikuta mahali pengine. Tulidhani mkanda umeliwa. Leo najua kwamba haikuwa muvi ya majumba ya sinema, ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni, ikarushwa na NBC, kituo cha televisheni cha Marekani, mwaka 1997. Muvi za namna hiyo huandikwa kwa vipande, kila kipande kinaishia kwenye hofu, ili mtazamaji avumilie matangazo bila kwenda kulala. Aliyerekodi alikuwa ameyaruka matangazo, sisi tukabakiwa na kiza chake. Watoto wadogo walipiga kelele kwenye kile kiza kuliko walivyopiga kwenye picha yenyewe.

Mtafsiri wetu alikuwa kaka mkubwa wa rafiki yangu, amemaliza kidato cha sita, Kiingereza chake tulikiheshimu. Alitafsiri kama walivyokuwa wakifanya kwenye mabanda ya video. Anasimama ubavuni mwa televisheni, rimoti mkononi, anafupisha, anatia chumvi, na watu wakikaa kuongea kwa muda mrefu anapeleka mbele. "Hapa wanaongea tu," anasema, na sura za watu zinakimbia na mistari meupe juu yake. Hilo neno, "wanaongea tu", nimeishi nalo sana.

Hadithi ni ya wanafunzi wa sekondari wanaomchukia mwalimu wao wa Kiingereza, Bwana Griffin. Ni mkali, hapokei kazi iliyochelewa, hasikilizi sababu. Mmoja wao, kijana anayeitwa Mark, anatoa wazo: tumteke, tumfunge macho, tumtishe mpaka atuombe. Siyo kumuua, kumtisha tu. Wanampata binti mpole, mwenye akili, asiye na marafiki, aitwaye Susan, wanamwingiza kwa sababu hakuna mtu atakayemshuku. Wanamteka mwalimu kweli. Wasichojua ni kwamba mwalimu ana ugonjwa wa moyo na hutembea na dawa. Wanamwacha amefungwa. Anakufa. Baada ya hapo ni kuficha, na kuficha kunazaa kuficha.

Susan tulimfahamu mara moja. Alikuwa Amy Jo Johnson, yule Ranger wa pinki wa kanda za Power Rangers, ingawa siku hiyo pinki yake ilikuwa kijivu kama ya wengine wote. Mwalimu aliigizwa na Jay Thomas. Alikuwemo pia Mario Lopez, na binti mdogo Michelle Williams ambaye baadaye aliteuliwa kuwania Oscar zaidi ya mara moja. Aliyeiongoza ni Jack Bender, ambaye watu wa rika langu wanaijua kazi yake kupitia tamthilia ya Lost. Sisi hatukujali majina hayo. Tulimjali kaka na sauti yake. Na kwa sauti ya kaka, Bwana Griffin alikuwa mkoloni. Kila akitokea, kaka alimpa sauti nzito ya puani, na sebule nzima ikawa inamzomea. Alipokufa, kuna waliopiga makofi. Mimi nilipiga.

Sasa niseme habari ya mwalimu wetu. Jina lake silitaji na shule siitaji.

Alifundisha jiografia. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye baiskeli ya Phoenix nyeusi aliyoipenda kuliko wengine wanavyopenda magari. Hakuwa mtu wa fimbo. Alichokuwa nacho kilituuma zaidi: alikuwa akisoma alama zetu kwa sauti darasani, kuanzia ya chini kabisa kupanda juu, kwa sauti ileile anayosomea majina ya mito. Kazi iliyochelewa dakika tano haikupokelewa. Ukimwambia ulikuwa unauguza, anakutazama, anasema pole, na daftari lako halipokei. Alikuja na ramani za topografia za kipimo cha 1:50,000, amezikunja ndani ya mfuko wa nailoni zisilowe, anatuambia tutafute mto, tutafute kijiji, tuseme mtu akisimama hapa anauona mnara ule au haoni. Kontua, ile mistari inayoonyesha urefu wa ardhi, kwa wengi wetu ilikuwa mistari ya kahawia tu, imejikunja kama nywele kwenye sinia.

Mwaka 2000, muhula wa kwanza wa kidato cha tatu, kijana mmoja wa darasa letu alisomewa alama 4 kati ya 100. Wa kwanza kusomwa. Hakusema kitu. Wakati wa mapumziko tulikuwa watano chini ya mti, wote tulikuwa tumeiona ile kanda sebuleni, na mmoja wetu, siyo yule wa alama 4, akasema: "Kama kwenye ile picha. Ila sisi hatuui mtu."

Tulicheka. Kisha tukaanza kupanga, na kupanga kulikuwa kutamu. Hili nataka nilieleze bila kulipamba. Nilikuwa binti wa kukaa dawati la mbele, sikuwa na kundi, na siku ile vijana wanne walikaa nami nusu saa nzima wakinisikiliza. Wangenipangia kazi yoyote ningeifanya.

Mpango ulikuwa kutoa raba za breki kwenye Phoenix. Shule yetu ilikuwa juu ya mteremko, na njia ya kwenda kwake ilishuka mpaka mtoni. Tuliona hivi: atafika getini, atabana breki kama kawaida yake, atashtuka, ataweka miguu chini, atasukuma baiskeli yake nyumbani kwa miguu jua likimwaka, na sisi tutakuwa tumelipiza. Raba ni nne, mbili mbele na mbili nyuma, kila moja na nati yake. Kazi hiyo inataka dakika kumi. Kwa hiyo lazima mtu amcheleweshe mwalimu darasani baada ya kipindi cha mwisho, na mtu huyo awe ambaye mwalimu hawezi kumshuku.

Swali nililitoa kitabuni, nilifungua ukurasa bila kuchagua. "Mwalimu, samahani. Kwa nini mistari ya kontua haikatani?"

Alikuwa ameshavaa mkoba wake begani. Alitazama saa. Nilikuja kujua baadaye kwamba saa kumi alikuwa na tuisheni mahali, na watoto walikuwa wakimsubiri. Akauvua mkoba, akauweka juu ya meza, akachukua chaki. Akachora mlima. Akachora mduara ndani ya mduara ndani ya mduara. Akaanza kuongea, na mimi sikusikia neno hata moja, nilikuwa nahesabu dakika kichwani. Zilipita kumi, zikapita kumi na tano, na bado anachora. Mwisho akasema, "Hili swali linataka muda. Nitakuletea."

Akatoka mbio. Alikuwa amechelewa, na aliyemchelewesha ni mimi. Getini hakubana breki hata kidogo, kwa sababu siku hiyo alitaka mwendo.

Nyuma ya choo cha wavulana nilionyeshwa zile raba. Zilikuwa ndani ya mkebe wa kompasi. Nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni kilichobaki, upande mmoja umelika ukang'aa, upande wa pili una tope lililokauka. Yule kijana alikuwa anazitikisa ndani ya mkebe zinalia. Bado tunacheka, mtoto wa kidato cha kwanza akaja mbio kutoka barabarani.

Mwalimu alikuwa ameshuka mteremko wote. Chini karibu na daraja kulikuwa na mama amebeba mkungu wa ndizi kichwani, hakusikia kengele. Mwalimu aliikata baiskeli kushoto, akaingia nayo kwenye uzio wa masale, ile mimea ya mipakani kwetu Uchagani. Mama na ndizi zake hawakuguswa. Mwalimu alivunjika mkono wa kulia, mahali pawili.

Siku ya nne alirudi darasani na hogo mpaka kwenye kiwiko. Alisema kuna vibaka wameanza kuiba raba za baiskeli, akatushauri wenye baiskeli tuzifunge vizuri. Kisha akaniita mezani, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Imechorwa mlima kwa mkono wa kushoto, miduara inayumba kama ya mtoto wa chekechea, na kilele kimeandikwa 5,895. Maneno yanapanda na kushuka: "Kila mstari ni urefu mmoja. Ikikatana, mahali pamoja patakuwa na urefu wa aina mbili, na hilo haliwezekani. Isipokuwa kwenye jabali lililochomoza. Tutaongea."

Hatukuongea. Kila akiniita nilikuwa na sababu.

Hakuna aliyegundua, na sisi watano hatukusema. Tulitawanyika tu, kila mtu akatafuta dawati la mbali. Alama tuliendelea kusomewa, kuanzia ya chini kwenda juu.

Nikasomea ufamasia. Nikapata kazi Arusha, na mwisho wa juma nashuka Moshi kumwona mama. Mwaka 2014, Ijumaa moja jioni, nilikuwa napita barabara ya Sokoine kuelekea stendi, nikaona mtu amepanga vitabu vya mtumba chini juu ya turubai, vile vinavyokuja na muhuri wa maktaba za shule za Marekani. Katikati ya vitabu vya kemia na vya mapishi, lile jina. Killing Mr. Griffin. Sikuwa najua kwamba kulikuwa na kitabu. Nilitoa shilingi 2,000 bila kuomba kupunguziwa.

Riwaya hiyo iliandikwa na Lois Duncan na ilitoka mwaka 1978, yaani miaka 19 kabla ya muvi. Inatokea Albuquerque, jimbo la New Mexico, mji ambao Duncan mwenyewe aliishi. Ni kitabu chembamba, cha vijana, unaweza kukimaliza kabla Coaster haijaingia Moshi. Na yeye hamfichi msomaji kitu, maana sentensi ya kwanza kabisa inataja kuuawa kwa Griffin. Sikuwa na hofu ya nini kitatokea, nilikijua. Nilichokuta ndani ndicho kilichonikaba.

Nilikuta nyumba. Bwana Griffin ana nyumba, ana mke anayeitwa Kathy, na Kathy ni mjamzito. Kumbe alikuwa akifundisha chuo kikuu, akaacha, akashuka kufundisha sekondari kwa sababu aliona wanafunzi wanafika chuoni hawajaandaliwa. Ukali wake una mahali ulipotoka. Kathy anamjua kwa namna ambayo darasa haliwezi kumjua. Watu hawa wanakaa mezani wanaongea, na ndiyo, wanaongea tu. Sijui kaka alipeleka mbele mangapi siku ile pale Majengo. Ninachojua ni kwamba mimi niliyeona ile picha nikiwa na miaka 15 sikuwahi kuambiwa kwamba mwalimu anarudi nyumbani kwa mtu.

Na kuna Susan. Tulikuwa tumeshapita Tengeru, gari limejaa, nimekaa dirishani, nikafika mahali ambapo kundi linampangia Susan kazi yake. Hatakiwi kumgusa mwalimu. Hatakiwi hata kuwepo. Anatakiwa tu aombe kuonana naye baada ya masomo, amcheleweshe, shule iwe imekwisha watu. Nilifunga kitabu. Nilitazama nje mpaka Usa River, kahawa na maua vinapita, na mtu aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama natapika, asogee.

Nilipokifungua tena niliendelea mpaka njia panda ya uwanja wa KIA. Tulipoingia Boma Ng'ombe, Griffin alikuwa ameshakufa, na Susan na David, mmoja wa lile kundi, wamemkuta usiku, wameenda kumfungua.

Hapa niongee kidogo kama mtu wa dawa. Dawa ya Griffin ni nitrogliserini. Ni kidonge kidogo sana, unakiweka chini ya ulimi, hukimezi, na ndani ya dakika chache mishipa inalegea na moyo unapumua. Hutunzwa kwenye kichupa cha kioo cheusi kwa sababu mwanga, joto na unyevu huiharibu. Ni kitu kilekile kilichomo kwenye baruti ya dinamiti. Alfred Nobel aliyeivumbua baruti hiyo aliandikiwa nitrogliserini na madaktari wake uzeeni. Nikiwa nyuma ya kaunta nimewauzia wazee wengi dawa za moyo na za presha, nawaandikia 1x2 au 1x1 juu ya kibahasha, nawaambia mzee, hii usiiache nyumbani. Wengi ni walimu wastaafu. Huwatambui kwa sura, unawatambua wanapokusahihisha mwandiko. Kwa hiyo nasoma kuhusu mtu aliyefungwa mikono huku dawa iko mfukoni mwake mwenyewe na Mark anamnyima, na najua ni dakika ngapi zilikuwa zinahitajika. Ni chache kuliko zile nilizomchelewesha mwalimu wangu.

Kuna sehemu moja ya kitabu nisiyokubaliana nayo kabisa. Mwishoni tunaelezwa kwamba Mark ni mgonjwa wa nafsi, mtu asiye na dhamiri, anayejua kuwavuta wengine kama sumaku. Huenda watu hao wapo. Ila maelezo hayo yanakuja kama ahueni, msomaji anapumua, anasema kumbe ni Mark. Katika watano wetu hakukuwa na Mark. Aliyesema "kama kwenye ile picha" leo ni baba wa watoto watatu, mzee wa kanisa, mtu wa kwanza kutoa mchango msibani. Kila mmoja alifanya kipande kidogo. Mmoja alisema, wawili walifungua nati, mmoja alilinda njia, mmoja aliuliza swali. Ukigawa kazi vizuri hakuna anayebeba mzigo mzito. Duncan analijua hili vizuri kuliko mwandishi yeyote wa vijana niliyemsoma, kurasa zote za katikati zinalionyesha, ndiyo maana ile sura ya mwisho inaniuma. Anampa mgonjwa mzigo wa watu wasio wagonjwa.

Marekani kitabu hiki kimewahi kupigwa vita. Kimo kwenye orodha ya vitabu 100 vilivyolalamikiwa zaidi miaka ya 1990, orodha inayotunzwa na chama cha maktaba cha huko. Hofu ya wazazi naielewa kuliko wanavyodhani, kwa sababu mimi ni mtoto aliyeiona hadithi hiyo na baada ya miezi michache nikashiriki kumvunja mwalimu mkono. Mtu akiniambia muvi ilitufundisha, siwezi kumkatalia moja kwa moja. Ila tulichokiona si hadithi nzima. Tuliona vijana, tuliona hasira, tuliona kamba. Meza ya Kathy haikutufikia. Mtoto ukimpa hadithi ya namna hii, mpe yote, na sehemu ambazo watu wanaongea tu usizipeleke mbele.

Mwandishi huyo amenikalia moyoni kwa jambo jingine. Julai 1989 binti yake mdogo, Kaitlyn, aliyekuwa na miaka 18, alipigwa risasi akiwa anaendesha gari pale pale Albuquerque, akafa. Mama aliyekuwa ameandika hadithi za vijana walio hatarini akawa mama wa kijana aliyeuawa. Mwaka 1992 alitoa kitabu kinachouliza ni nani aliyemuua mwanawe, na hakuacha kuuliza. Oktoba 1997, mwaka uleule wa muvi yetu ya televisheni, Hollywood ikatoa I Know What You Did Last Summer, kutokana na riwaya yake ya 1973. Kwenye riwaya hakuna mvuvi mwenye ndoana anayechinja watu, na wale vijana wanne wenye siri hakuna hata mmoja anayekufa. Sinema ikaweka ndoana, ikaweka maiti, ikapata fedha nyingi. Duncan aliumia, na alilisema wazi: mtoto wake aliuawa kweli, hawezi kucheka na watu wakiuliwa kwa burudani.

Ndiyo maana naitetea ile ya televisheni, ingawa ni ndogo, ya bei nafuu, na wengi wameisahau. Televisheni haikuweza kumwaga damu sebuleni kwa watu, kwa hiyo ililazimika kubaki na vijana na dhamiri zao, nani atasema, nani atanyamaza. Umasikini wake uliilinda.

Duncan alifariki Juni 2016. Mwaka 2021 mtu mmoja alikiri kumuua Kaitlyn. Mama yake alikuwa ameshaondoka miaka mitano.

Mimi sikutaka kusubiri kiasi hicho.

Mwaka 2015, mwezi wa tatu, nilipanda Kibosho. Nilibeba sukari kilo mbili, mkate, na jani la isale nililolikata kwenye mpaka wa kihamba cha bibi yangu na kulifunga fundo, kama bibi alivyotufundisha. Kwetu mtu akikuletea isale, amekuja kuomba msamaha, na si adabu kumrudisha nalo. Nyumba niliielekezwa na bodaboda. Mwalimu alikuwa kibarazani, amevaa sweta, amezeeka kwa namna nzuri. Mkewe alikuwa anamenya ndizi mbichi kwenye beseni.

"Shikamoo mwalimu. Shikamoo mama."

Walinipokea vizuri sana. Alinikumbuka, akataja hata dawati nililokaa. Nilikunywa chai nusu kikombe, nikaona nikimaliza chai sitasema. Nikasema. Sikuwataja wengine, nilisema kipande changu na kwamba nilijua raba zinatolewa.

Mwalimu alikaa kimya. "Kumbe hawakuwa vibaka," akasema. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu anayerekebisha ramani ya zamani kichwani. Kisha akaniuliza, "Na lile swali? Lilikuwa lako?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi, hilo halikuwemo. Ningeweza kudanganya.

"Hapana, mwalimu. Nililitoa kitabuni, ili uchelewe."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Raba hazikumfanya kitu, swali ndilo lililomfika. Alitazama migomba muda mrefu.

Mkewe aliweka kisu chini. Alijifuta utomvu kwa kanga, bila haraka. "Mwanangu," akaniambia, "huyu si mtu wa kula kwa mkono wa kushoto. Nilimlisha siku 42 kwa mkono huu. Tuisheni ilikufa, na ada ya mtoto mwaka ule tuliuza mbuzi. Na kila siku, tonge kwa tonge, ananisimulia habari ya binti mmoja aliyemuuliza swali zuri."

Nililitoa lile isale. Alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akaenda kuliweka juu ya kabati la vyombo. Akarudi, akakaa, akachukua kisu na ndizi nyingine. Hakuniambia nimesamehewa, na hakuniambia sijasamehewa. Hajaniambia mpaka leo, na kila Desemba naenda.

Mwalimu alinyoosha mkono wa kulia, ule ambao kiganja chake hakigeuki chote. "Ile karatasi uliitupa?"

Nilikuwa nayo kwenye pochi, ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Aliifungua juu ya goti, akaitazama miduara yake iliyoyumba, akaomba kalamu. "Hapa kwenye jabali," akasema, "sikukumalizia."